Nani Amshike Mtoto? Mjadala wa Tijara ya Nyumbani Mpakani Busia

Watu sita nitakaowaleta mbele ya msomaji hawakupata kuketi pamoja kitako kimoja. Mimi ndiye niliyewakalisha katika baraza hii ya karatasi, baada ya kuyasikiliza kwa muda mrefu maneno ya watu wa namna yao, wengine wakazi wa Sofia na wengine wa Marachi, katika mji wa Busia ambao serikali mbili huuhesabu kuwa miji miwili na wenyeji huuhesabu kuwa mmoja, ila pale inapofika saa ya kubadili fedha. Majina sikuwapa, kwani hoja zao ndizo nilizozitaka wala si nasaba zao. MSHONAJI hushona gomesi, lile vazi la wanawake la sherehe, chumbani mwake, upande wa Uganda, na mwanawe wa pili hajatimiza miezi mitatu. NYANYA ndiye mama yake, mwenyeji wa Tororo, aliyepanda taksi kuja kumtazama mjukuu kwa siku chache na hajapata kurudi. SISTA ni mkunga. KARANI hufanya kazi katika ofisi mojawapo ya mawakala wa forodha, zile ambazo watu wote wa mpakani huziita kliaransi. MZEE alizaliwa Mombasa, akaendesha malori baina ya bandari na Kampala hata magoti yakamkataza, akaoa Busia mdogo wake NYANYA, na kwa hiyo wawili hao ni mashemeji wenye ruhusa ya kutaniana. Wa sita hakualikwa. Aliingia mwenyewe, na mahali pake patafika.

Jambo lililowekwa mbele yao lilikuwa hili: kwamba mwanamke aliyejifungua karibuni ni heri aendeshe tijara yake nyumbani kuliko kurudi sokoni.

KARANI: Nasimama upande wa kuliunga mkono, tena bila kusita, kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Mwanamke mwenye kibanda hulipa kodi ya kibanda, ushuru wa soko, nauli ya kwenda na ya kurudi, na chakula cha mchana ambacho asingekinunua lau angekuwa karibu na chungu chake. Dada yetu huyu halipi hata kimoja katika hivyo. Mteja wa Nambale au wa Bumala, ng'ambo ya Kenya, humpelekea vipimo na picha ya kitambaa kwa WhatsApp, humtumia arbuni kwa simu, maana M-Pesa imekuwako tangu mwaka 2007 na MTN wakaanzisha yao upande huu mwaka 2009, na gomesi ikiisha kijana wa bodaboda huivusha. Tena tangu Marais Kenyatta na Museveni walipokifungua kituo cha pamoja cha mpaka hapa Busia, tarehe 24 Februari 2018, shughuli za nchi zote mbili humalizwa chini ya paa moja. Na kwa bidhaa za Jumuiya ya Afrika Mashariki zisizozidi thamani ya dola 2,000, mfanyabiashara mdogo aweza kupata cheti chepesi cha asili ya mali pale pale, asimhitaji wakala wa namna yangu. Basi nauliza: maadamu mali, fedha na mteja vyote vyaweza kumfuata mwanamke mpaka mlangoni pake, ni kwa sababu gani ambebe mtoto mchanga akamkalishe katika vumbi la malori?

MSHONAJI: Maneno yako mazuri, kaka, ila hizo gomesi zangu hazijapata kukiona hicho cheti chepesi.

KARANI: Najua.

MSHONAJI: Zinapita njia za panya, ndani ya koti la kijana wa bodaboda.

KARANI: Najua, dada, na nilikuwa sikusudii jambo hilo litajwe mbele ya mwandishi.

Mwandishi alijifanya hakusikia. Lakini naomba niseme kwa haraka kwamba kosa haliko katika cheti: kwa mwenye magunia kadhaa ya maharage ni faida tupu, ila mwenye nguo moja huiona foleni kuwa ghali kuliko ushuru, na aliye nyumbani hupeleka nguo moja moja. Tuliache hilo, lina mjadala wake.

MSHONAJI: Niacheni nieleze siku yangu ilivyo, kwa sababu naona mnaijadili bila kuiona. Gomesi yataka kitambaa cha kiasi cha mita 6. Mabega yake hupandishwa yakasimama, shingo yake hukatwa mraba, vifungo viwili hukaa upande wa kushoto, na mshipi wake mpana hufungwa chini ya kiuno, juu ya nyonga. Kazi yenyewe iko mabegani. Ukiyakosea, mteja ataonekana amejikunyata arusi nzima, na hatarudi. Sasa mabega hayashoneki kwa vipande vya dakika kumi kumi. Yataka akili iliyotulia saa nzima, nami saa nzima sijaipata tangu nijifungue, isipokuwa usiku wa manane, na usiku wa manane ndipo umeme unapokatika. Mtoto amezoea mlio wa cherehani tangu yumo tumboni: ikilia hulala, ikinyamaza huamka. Basi mara nyingine hukanyaga cherehani tupu, haina kitambaa wala uzi, ilimradi asishtuke nami nipate kuhesabu fedha kwa mikono miwili. Pini naziokota mkekani kila jioni, na kila jioni nahisi nimeacha moja. Pasi ni ya mkaa, naiweka nje ya mlango kwa sababu ya moshi, na kila mshono unaotaka kunyooshwa ni safari ya kwenda na kurudi.

Na mteja, je? Soko lina saa ya kufungwa. Mlango wangu hauna. Mwenye arusi ya Jumamosi hupiga hodi Alhamisi saa nne za usiku, na kwa kuwa nimemfungulia na mtoto begani huamini kwamba nilikuwa nimekaa bure. Wengine huniambia usoni: wewe si uko nyumbani tu? Tena huyo ndiye atakayetaka nimpunguzie bei, akitoa sababu ile ile aliyoitoa Bwana Karani, kwamba silipi kodi ya kibanda. Hata hizo simu unazozisifu, kaka, nilipomzaa wa kwanza mwaka 2018 serikali ilianza kututoza shilingi 200 kwa siku kwa ruhusa ya kutumia WhatsApp na mitandao mingine. Siku moja mtoto aliugua, sikuilipa, na siku hiyo ndiyo aliyoichagua mteja wa Bumala kuniletea vipimo vya watu wanne. Kodi hiyo ikafutwa mwaka 2021, wakaleta nyingine ya asilimia 12 juu ya intaneti yenyewe.

KARANI: Kwa hiyo wataka kurudi sokoni?

MSHONAJI: Sijasema hivyo. Nimesema siku yangu ilivyo.

SISTA: Mimi nitamuunga mkono Karani, ingawa si kwa sababu zake. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hata 12 katika usiku na mchana; tukitia nusu saa kwa kila mara, pamoja na kumcheulisha na kumbadilisha nepi, zatoka saa 4 hata 6 katika saa 24. Hiyo ni sehemu kubwa ya siku ya kazi, nayo imekwisha kabla mwanamke hajatunga uzi sindanoni. Shirika la Afya Duniani lasema apewe maziwa ya mama peke yake kwa miezi 6, na kila mama ninayemzalisha hulijua jambo hilo, aghalabu kuliko mumewe. Lakini aliye kibandani hawezi kumnyonyesha mtoto aliyeachwa kwa jirani, na maziwa aliyoyakamua asubuhi hukaa salama kiasi cha saa 4 tu katika joto la chumba, nalo joto la Busia si la kutania. Ndipo ninapoletewa mtoto wa miezi mitatu anayeharisha, nikiuliza naambiwa ameanza kupewa uji wa wimbi. Si ujinga, na sipendi watu wauite ujinga. Mama yuko sokoni, titi liko sokoni, mtoto yuko Sofia. Tijara ya nyumbani huliondoa umbali huo, na kwangu mimi faida hiyo yashinda kodi ya kibanda.

Walakini wamama wa nyumbani wana shida yao nyingine, wala siwafichi. Kadi ya kliniki ina tarehe: chanjo za wiki ya 6, ya 10, ya 14. Mwenye ajira huomba ruhusa akaja. Mwenye cherehani husema atakuja keshokutwa, akimaliza nguo ya watu. Keshokutwa ina arusi nyingine. Tazama, Mshonaji, wiki ya 14 yako inakuja.

MSHONAJI: Nitakuja, Sista.

SISTA: Ndivyo ulivyosema ile ya 10.

MZEE: Mwaniajabisha, enyi watu wa bara! Nimenyamaza kwa adabu, lakini sasa adabu imenichosha. Kwetu pwani mzazi alikuwa na arobaini yake. Siku 40 hakuguswa na kazi yoyote: alikandwa kwa maji ya moto, alifungwa tumbo, alipikiwa uji wa pilipili manga, wanawake wa mtaani wakapokezana mlangoni, na mume akaambiwa waziwazi kwamba shauri lake ni moja, nalo ni masurufu. Tijara haikutajwa hata kwa utani. Leo nawakuta watu wenye akili timamu wakihojiana ikiwa mwanamke ambaye kidonda chake hakijapona arejee kazini kwa mlango wa mbele au kwa mlango wa nyuma, na hapana hata mmoja aliyeuliza ikiwa ni lazima arejee. Sista ametaja saa 6 za kunyonyesha. Mimi nimengoja nisikie saa za kulala, sikusikia.

MSHONAJI: Mzee wangu, hizo siku 40 aliyezilipa ni nani?

MZEE: Mume. Nani tena?

MSHONAJI: Na mume akiwa safarini na lori?

NYANYA: Mjibu, shemeji.

MZEE: Jamaa walikuwako.

NYANYA: Jamaa walikuwa Mombasa, na wewe ulikuwa umekwama Malaba katika foleni ya malori, na mdogo wangu siku ya tatu baada ya kujifungua nilimkuta akiuza mafuta ya taa dirishani, chupa kwa chupa, kitoto kimefungwa kifuani. Sikukuambia zamani hizo kwa sababu ulirudi na viatu vipya.

Kicheko kilikuwa kikubwa, na Mzee, ambaye ni mtu wa insafu, alicheka pamoja nao, kisha akanyamaza kwa muda. Sipendi msomaji adhani kwamba hoja yake iliangushwa na viatu. Arobaini ilikuwa sheria njema kuliko nyingi zilizoandikwa baadaye. Kilichokuwa kikiisimamisha ni nyumba yenye watu wengi, na watu hao sasa wametawanyika, huyu Nairobi, huyu Kampala, huyu Ghuba ya Uarabuni akilea watoto wa wengine. Ada imebaki, mikono ya kuitimiza haiko.

NYANYA: Sasa nisikilizeni, maana mwaongea kana kwamba jambo hili limeletwa na simu. Wakati wa Amin, walipokwisha kufukuzwa Wahindi mwaka 1972, maduka yakawa rafu tupu. Sabuni, sukari na chumvi vikawa vya kutafutwa kwa siri, na watu wa mpakani wakaishi kwa magendo, kahawa ikivuka gizani kwenda Kenya. Mimi magendo sikuyaweza. Nilipika ajon, pombe ya wimbi. Unga wa wimbi hukandwa ukalazwa hata ukachacha, kisha hukaangwa juu ya bati pana mpaka ubadilike rangi, huanikwa juani, ndipo hutiwa maji na kimea, ukangojwa siku mbili tatu. Wazee huja na mirija yao mirefu, wakakizunguka chungu kimoja, na kazi yako ni kuongeza maji ya moto na kukumbuka nani amelipa. Biashara hiyo ilikuwa uani pangu, na karo ya huyu Mshonaji ilitoka ndani ya chungu kile.

MSHONAJI: Ndiyo, Mama.

NYANYA: Basi mkiniuliza mtoto alikuwa wapi siku ya kukaanga, siku ambayo moshi huwatoa hata kuku uani, nitawaambia: alikuwa mgongoni mwa wifi yangu, chini ya mwembe, mbali na moshi. Kila siku ya kukaanga, wifi yangu. Siku za kuuza, binti wa jirani. Sikuwahi kupika ajon na kushika mtoto kwa pamoja, na anayesema aliweza hajapika ajon. Huyo wifi sikumlipa. Krismasi nilimpa kitenge. Wakati huo niliona nimemtendea ihsani.

KARANI: Mama, wakati huo sheria haikuwa kama ya sasa. Sasa mzazi amekumbukwa. Kenya, kwa Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, humpa mwajiriwa miezi 3 ya uzazi kwa mshahara kamili na humpa baba wiki 2. Uganda, kwa sheria yake ya mwaka 2006, humpa mama siku 60 za kazi na baba siku 4. Na Shirika la Kazi Duniani, katika mkataba wake wa mwaka 2000, limetaja wiki 14.

SISTA: Mshonaji, siku 4 za baba zilikwendaje?

MSHONAJI: Yuko Jinja, kiwandani. Alipewa zote nne, hawakumnyima. Alikuja, akapiga rangi ukuta huu, akarudi.

MZEE: Rangi nzuri.

MSHONAJI: Nami, Bwana Karani, siku zangu 60 nazidai kwa nani? Mwajiri wangu ni nani?

KARANI: Wewe umejiajiri.

MSHONAJI: Basi niliomba ruhusa nikajinyima.

SISTA: Nami niongeze. Upande huu ada za matibabu katika vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001. Upande wa Kenya kuzaa katika hospitali za umma kulifanywa bure mwaka 2013. Sidharau, kwa maana nimewaona waliokuwa wakizalia njiani. Lakini fadhila hizo humsindikiza mwanamke mpaka mlango wa wodi. Nje ya mlango ule, aliye na mwajiri hukuta sheria inamngoja, na aliye na cherehani hukuta mteja anamngoja.

Hapo ndipo pazia la chumba cha ndani liliposogea, akatoka binti wa miaka kumi na tisa, mtoto begani akilia, kitambaa cha kumfutia mkononi. Alimkabidhi Mshonaji mtoto, akachukua bakuli la pini lililokuwa ukingoni mwa meza akaliweka juu ya kabati pasipo kuambiwa, akataka kurudi ndani. Mzee akamzuia.

MZEE: Ngoja kwanza, mwanangu. Tumekaa hapa alasiri nzima mama huyu akizungumza, naye mikono yake mitupu. Sikujiuliza kwa nini. Huyu ni nani?

MSHONAJI: Ni ndugu yetu, wa kule kule Tororo.

YAYA: Wa Nagongera. Ndugu si ndugu, Mzee. Mama alinichukua kwa kazi.

MSHONAJI: Naishi naye kama ndugu.

YAYA: Hilo ni kweli, silikatai. Ila kwetu nina mtoto wa mwaka mmoja na nusu, yuko na mama yangu.

Ikawa kimya kidogo. Nilitazamia Nyanya aseme neno, kwani ndiye mwepesi wa kusema, lakini yeye alikuwa akimtazama yule binti kwa namna mpya; na aliyesema ni Karani, ambaye kwa mara ya kwanza mchana ule aliacha kutetea upande wowote na kuanza kufikiri.

KARANI: Dada, niwie radhi, jambo hili lina uzito kisheria. Ile sheria ya mwaka 2006 inawaacha nje jamaa wanaomtegemea mwajiri, iwapo hao peke yao ndio wafanyakazi wa shughuli ya ukoo na hawazidi watano. Ndiyo maana nyumba nyingi za hapa zimejaa wapwa ambao hakuna anayeujua ukoo wao. Kama binti huyu ni jamaa, basi, hana madai. Kama si jamaa, naye amekwisha kusema si jamaa, ni mwajiriwa kamili. Na zile siku 60 ulizokuwa ukizitafuta, zimo humu humu chumbani. Ni zake yeye, akijifungua tena, na atakayezilipa ni wewe.

MSHONAJI: Mimi? Mwenye cherehani moja?

KARANI: Sheria haikuuliza cherehani ngapi.

Nimelisikia neno la namna hii likisemwa kwa kejeli, kama kwamba haki ya yaya ni kichekesho kilichobuniwa ili kumfedhehesha bibi mdogo asiye na kitu. Sikubaliani. Tumezoea kuuliza kama biashara iwe nyumbani au sokoni, na swali hilo hutusahaulisha kwamba nyumbani si mahali penye saa za bure zilizolala zikingoja kuamshwa. Kila saa ambayo Mshonaji ameishonea bega la gomesi, kuna mtu aliyeitoa, ama wifi, ama nyanya, ama msichana aliyemwacha wake Nagongera. Saa hizo ni rasilmali ya tijara hiyo sawasawa na uzi. Sijapata kuona daftari lenye mstari wake, nami nilimwomba Mshonaji alilete lake. Akalileta, akalifungua juu ya goti, mtoto akinyonya upande wa pili. Mistari ilikuwa hivi: uzi, vifungo, kanvasi ya mabega, mkaa wa pasi, bodaboda, muda wa maongezi. Hapakuwa na binti, wala hapakuwa na Nyanya.

MZEE: Mwalimu wa hesabu sikuwa, lakini malori nimeyajua: usipomtia utingo katika hesabu ya safari, utadhani umepata faida, na faida hiyo ni njaa ya utingo. Tutie.

MSHONAJI: Haya, tuseme ujira wa kushona gomesi ni shilingi 40,000 za Uganda, kitambaa ni cha mteja. Mwezi wa kawaida ni gomesi 8. Hizo ni 320,000. Uzi na mkaa na simu na bodaboda, tuseme 60,000. Zinabaki 260,000, na hizo ndizo nilizokuwa nikiziita zangu.

KARANI: Binti unampa ngapi?

MSHONAJI: Tuseme 80,000, na chakula na kulala. Huwa natoa katika fedha ya nyumbani, si katika hii.

KARANI: Toa katika hii. Zinabaki 180,000. Na Mama?

NYANYA: Mimi sitozi. Nimetoza lini kumshika mjukuu wangu?

MZEE: Usijibu upesi, shemeji. Shamba lako kule, chini ya Mwamba wa Tororo, nani anapalilia wakati uko hapa?

NYANYA: Nimeweka mtu.

MZEE: Bure?

NYANYA: Wazimu huo. Ananila 48,000 kwa mwezi, na mihogo anajichimbia.

KARANI: Basi zimebaki 132,000. Kwa shilingi za Kenya, tukihesabu moja kwa 28, ni kama 4,700. Ukigawa kwa gomesi 8, kila moja imekuachia 16,500.

MSHONAJI: Na usiku nilioshona?

KARANI: Huo bado hatujauhesabu.

SISTA: Mimi hesabu hii yanipeleka kwingine. Sheria ya Afya ya Kenya ya mwaka 2017 yamtaka mwajiri atenge chumba cha kunyonyeshea kazini. Soko la mpakani lina wanawake chungu nzima, wote wakilipa ushuru kila siku, lakini kwa kuwa hapana mwajiri, hapana chumba. Sioni kwa nini ushuru ule usijenge chumba kimoja upande huu na kimoja upande ule, chenye kivuli, maji na mtu wa kulipwa. Mama anyonyeshe, arudi kibandani hatua ishirini. Ndipo mwenye kutaka nyumbani atakaa nyumbani kwa kupenda, si kwa kukosa pa kumweka mtoto.

KARANI: Na mtu wa kulipwa atatoka wapi?

SISTA: Simama hapo ulipo unyooshe mkono. Huyu hapa, anajua kazi kuliko sisi sote. Umeona alivyoliondoa bakuli la pini.

YAYA: Na mtoto wangu ataingia katika chumba hicho, ama ni cha wenye vibanda peke yao?

Sista alisema ataingia. Karani alisema italazimu iandikwe, kwa maana jambo lisiloandikwa katika kanuni za soko hufa na afisa aliyeliahidi, naye ameona mengi yakifa hivyo. Mzee alitaka kujua kama chumba hicho kitakuwa na mahali pa kumkanda mzazi. Waliendelea na hayo kwa muda, wakabishana juu ya upande upi wa mpaka ungetoa kiwanja, na sioni haja ya kuyaandika yote, kwa sababu hakuna kati yao aliyekuwa na kiwanja. Mtoto alikwisha kushiba. Binti alinyoosha mikono ampokee, Mshonaji akamwambia aketi kwanza, anywe chai, naye akaketi ukingoni mwa benchi, bila kuegemea. Kisha Mshonaji alirudi kwenye daftari lake, akapiga mistari miwili mipya kwa rula.

MSHONAJI: Bwana Karani, ile gomesi ya mama yako, ya arusi ya dada yako. Nilikutajia 40,000.

KARANI: Na arbuni nimekwisha kutoa.

MSHONAJI: Arbuni ninayo. Ila bei ni 56,000.

KARANI: Kwa mazungumzo ya alasiri moja!

MSHONAJI: 10,000 ni za binti, 6,000 ni za mtu wa shamba. Ulizigawa wewe mwenyewe kwa gomesi 8.

KARANI: Niligawa kwa elimu, dada, si kwa malipo. Mama yangu atauliza mbona ya mwaka jana ilikuwa nafuu.

NYANYA: Mwambie mwaka jana nilikuwa nikipalilia mwenyewe.